Kiganja Kwenye Chokaa

Watu walimwita Timazi, na jina hilo hakuliokota. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni ambao waashi huuning'iniza wajue kama ukuta umesimama wima au umelewa. Yeye hakuwa na haja nao. Alisimama mbele ya ukuta, akafumba jicho moja, akasema, "Umeinamia kulia kidogo," na uzi ukishushwa, kweli, umeinamia kulia. Wenzake walimtania kwamba hata mke alimpima hivyo hivyo kwa jicho moja kabla ya kumposa. Mkewe, ambaye ulimi wake haukuwa umelala, akisikia alijibu: "Mimi nilimkubali kwa macho mawili, ndiyo maana nimeona mengi."

Maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye barabara moja. Ni ile inayopanda mlima kutoka mjini, kona baada ya kona, upande huu jabali, upande ule bonde na ziwa chini kabisa. Ilijengwa zamani na watu waliokuwa na macho ya kuona uzuri. Ukingoni waliweka ukuta mfupi wa mawe, unaofika magotini, ili hata aliyeketi ndani ya gari alione bonde lote. Maharusi walikwenda kupigia picha huko. Wageni walishuka, wakashika viuno, wakatikisa vichwa, wakapanda tena magari yao. Mvua kubwa zikipita na ukuta ukimeguka hapa na pale, anayeitwa ni Timazi.

Siku moja alikuwa akifunga ukuta wa kona ya juu, ile pana yenye nafasi ya magari kusimama. Mkewe akampelekea chakula cha mchana, akiwa amemshika mkono mtoto wao wa pekee. Mtoto huyo walimwita Kidosho, kwa sababu alizaliwa mdogo mdogo na mzuri, wa kubebwa kiganjani. Timazi alikuwa ametoka kujaza chokaa kwenye jiwe kubwa la juu, jiwe lenye bonde katikati kama sahani. Wazazi walipogeuka kufungua chakula, mtoto akapanda, akabandika mkono kwenye chokaa mbichi, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa, maana jana yake kilibanwa na mlango, kwa hiyo shimo lake likatoka nene kuliko ya vidole vingine. Baba alimrukia, akamwosha haraka kabla chokaa haijamchoma, akamgombeza, kisha akachukua mwiko alainishe ile alama.

"Acha," mkewe akasema.

"Mama Kidosho, hii ni barabara ya serikali."

"Na mtoto ni wa nani? Nimesema acha."

Akaacha. Chokaa ikakauka, kiganja kikabaki.

Kidosho akakua, akasoma, akawa mwalimu wa chekechea huko mjini. Watoto wa watu walimpenda mpaka wazazi wao wakawa na wivu. Kila mwisho wa wiki alipanda kuja kwao kwa gari dogo la mwalimu mwenzake. Basi kuna siku walipitiliza juu kutazama bonde, mvua ikanyesha, lami ikawa telezi, na gari likaacha njia kwenye kona ile ile ya juu. Ukuta ulivunjika kama biskuti. Gari likapita hatua chache tu kutoka lilipo lile jiwe, likaenda bondeni. Kidosho hakurudi, wala mwenzake hakurudi.

Aliyeufunga ukuta ule ni baba yake. Hakuna aliyemwambia neno, wala hakuhitaji kuambiwa. Baada ya mazishi alipanda peke yake, akasimama mbele ya lile pengo, akafumba jicho moja kwa mazoea. Kisha akaketi chini barabarani na kulia, na madereva wakawa wanampita pembeni polepole bila kupiga honi.

Watu wengine baada ya msiba waliogopa kuwaita kwa jina la mtoto. Wakawa wanasema "mzee", "mama", wakimung'unya maneno. Wenyewe hawakubadili. Asubuhi ni Mama Kidosho, jioni ni Baba Kidosho, kama kwamba binti yuko chumbani anachana nywele. Na kila Jumapili mchana, watu wakiwa wamejipumzisha majumbani, mama alipanda peke yake mpaka kona ya juu na chupa ya maji na kitambaa. Aliosha kile kiganja, akakikausha, akaweka vidole vyake mle ndani, kimoja kimoja, na cha shahada kikawa kinacheza kwenye lile shimo nene. "Ukuta ulishindwa kumshika mwanangu," alikuwa akimwambia mumewe, "lakini mkono wake umeukamata mpaka leo." Basi hapo ndipo alipokuwa anapumulia, msimwone mjinga.

Miaka ikaenda, magari mengine nayo yakaenda bondeni, mpaka ikaamuliwa kwamba barabara nzima ijengwe upya. Alikuja injinia, mwanamke mwenye sauti ya chini na viatu vilivyojaa vumbi, akaita mkutano kwenye ukumbi wa shule. Watu wa kule juu mlimani walimwakia. Mtatuharibia barabara yetu, mtatuzungushia zege tuonekane wafungwa. Injinia akawaacha wamalize, kisha akaeleza. Ndani ya ukuta kutakuwa na zege na nondo. Nje yatarudi mawe yale yale ya zamani, moja moja, kila moja mahali pake. Ukuta utapanda mpaka kiunoni, ila mahali pa kutazamia bonde pataachwa nafasi zenye vyuma imara. Upande wa jabali itapandwa miti ya maua. "Gari likigonga lirudi barabarani," akasema. "Na anayepita aone uzuri ule ule waliouona wazee wenu."

Ubishi ukaendelea vile vile. Ndipo Timazi akasimama kule nyuma.

"Ukuta wa kona ya juu niliufunga mimi," akasema. "Ni mzuri sana. Ubomoeni."

Akaketi. Ukumbi mzima ukatazama chini, na mkutano ukaishia hapo.

Nyumbani hakupata hata chai. Mama Kidosho alikuwa ameshapata habari, kwa maana habari mbaya hazihitaji usafiri. Alimpa mgongo jioni hiyo na kesho yake kutwa. Siku ya tatu ndipo akamwekea kikombe mezani, naye akaketi ng'ambo.

"Mmekubaliana mbomoe."

"Tumekubaliana."

"Sikatai. Mtoto wa mwenzangu naye asife. Lakini lile jiwe uniletee hapa. Nimeshaona pa kuliweka, pale chini ya dirisha."

"Nitakuletea."

"Baba Kidosho, usinipe maneno ya kunibembeleza."

"Nimesema nitakuletea. Jiwe na kiganja chake."

Kazi ikaanza, na Timazi akafanywa kiongozi wa waashi. Kila mwashi alipewa kipande chake cha ukuta na fungu lake la mawe. Jiwe likishatolewa, linaandikwa namba kwa rangi mgongoni, halafu linasafishwa. Hapo kwenye kusafisha Timazi hakuwa na mzaha hata kidogo. Chokaa ya zamani na saruji mpya hazielewani, zikikutanishwa jiwe litakuja kubanduka. "Chokaa iliyobaki hata kiasi cha ukucha ni adui," aliwaambia kila asubuhi, mpaka wakawa wanamwigiza akigeuka. Ilikuwa patasi kwanza, halafu brashi ya waya, halafu maji.

Kulikuwa na sheria nyingine, nayo ni yake vilevile. Mwashi akiwa na mgonjwa au msiba, fungu lake halilali. Wenzake wanaligawana wanalisafisha, ili akirudi akute hajaachwa nyuma. Hakuna aliyewahi kuombwa kufanya hivyo na hakuna aliyewahi kushukuriwa kwa maneno mengi. Ndivyo walivyoishi wao.

Walipofika kona ya juu, kipande kile akakichukua mwenyewe. Lile jiwe alilitoa polepole mno, akichokoa pembeni na kuepuka juu, kutwa nzima, jasho linamtoka kama anayemtoa mtu chini ya kifusi. Likatoka zima na chokaa yake, kiganja hakikupata hata ufa. Akaliweka ndani ya fungu lake, akalifunika gunia, akapanga kwamba gari la mchanga likiwa linashuka tupu amwombe dereva amfikishie nyumbani.

Na hapa alikosea, tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakumwambia mtu. Jiwe la zamani lilikuwa haliruhusiwi kutoka pale, na yeye ndiye aliyekuwa akiwakemea wengine. Lakini hiyo ilikuwa sababu ndogo. Kubwa ni kwamba alikuwa hawezi kulitaja jina la binti yake mbele ya watu bila kububujikwa na machozi, na mwanamume wa umri wake aliona haya. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Angesema neno moja tu, hata nusu, wenzake wangelibeba lile jiwe mabegani mpaka mlangoni kwake.

Gari la mchanga halijashuka, Mama Kidosho akashikwa na kichomi. Aliamka akipumua kwa taabu, na Timazi akampeleka hospitali kule mjini. Akakaa naye, akilala kwenye benchi la korido na koti lake kichwani.

"Liko wapi?" mama alimuuliza alipopata pumzi ya kusema.

"Liko kwenye fungu langu. Nimelifunika gunia."

"Lisije likanyeshewa."

"Halinyeshewi. Wewe pona kwanza, utalikuta dirishani."

Akatabasamu, akalala. Homa ilipomshuka, akamwambia mumewe arudi kazini, asije akafukuzwa bure.

Alifika kwenye kona ya juu asubuhi yenye jua zuri. Waashi walimpokea kwa pole nyingi, wakamuuliza hali ya mama, wakafurahi kusikia anakunywa uji. Aliyewatangulia wote alikuwa Redio. Huyu walimwita hivyo kwa kuwa alianza kusema akiamka na alizimika akilala, lakini moyo wake ulikuwa dhahabu, na mkono wake kwenye jiwe ulikuwa wa pili kwa Timazi. Timazi ndiye aliyemfundisha.

"Mzee, njoo uone fungu lako," Redio akasema, akimvuta kwa mkono. "Usiseme kitu kwanza. Wewe tazama."

Mawe yalikuwa yamepangwa safu, yameoshwa, yanang'aa. Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri, limewekwa pembeni.

"Na lile la chini ya gunia," Redio akaendelea, "tulipolifunua nikajua tu. Nikawaambia, huyu mzee kalificha hili, ndilo jiwe lake la macho, ndilo litakaa juu kabisa. Hili haligusi mtu, nalisafisha mwenyewe. Lilikuwa na chokaa nene hiyo, halafu imebonyea bonyea kama imekanyagwa na mbuzi. Nimelipiga patasi mpaka mkono ukafa ganzi. Pitisha kidole uone. Kiasi cha ukucha hupati."

Timazi akainama, akapitisha kidole. Bonde la jiwe lilikuwa laini na baridi. Kiasi cha ukucha hakupata.

"Umefanya kazi," akasema.

"Nimefundishwa na nani?"

"Umefanya kazi, mwanangu. Asanteni wote."

Aliuliza vifusi vya chokaa vimetupwa wapi. Redio akamwonyesha kwa kidevu: vimekwenda na toroli jana, vimemwagwa kwenye kipande cha barabara kule juu kinachojazwa, na mashine ya kushindilia imeshapita. Timazi akasema anakwenda kuona kazi ya huko. Alipanda taratibu mpaka pale, akakuta ardhi imepigwa ngumu kama meza, tayari kuwekwa lami. Akaivuka kwa kuzunguka pembeni, akishikilia jabali, kwa sababu miguu ilikataa kukanyaga. Nyuma ya rundo la kokoto akaketi, akauma koti lake, na alichokuwa amekizuia kwenye korido ya hospitali kikamtoka chote.

Mchana wa siku hiyo, mwashi mmoja alimwomba injinia kipande cha jiwe kilichovunjika, akidai ni kazi ya babu yake. Injinia akamjibu, "Chukua tu, baba. Mngekuwa mnasema jamani, mimi si mnyama." Timazi alikuwa karibu, akasikia neno kwa neno.

Mama Kidosho akaruhusiwa. Nyumbani akaanza kupanga pale dirishani, akasogeza stuli, akatandika kitambaa. Kila Timazi aliporudi jioni, mama alitazama mikono yake kwanza. "Gari bado," Timazi alimwambia. "Dereva anaumwa." "Njia imefungwa." Mtu ambaye hakuwahi kuacha ukuta upinde sasa alikuwa anapinda mwenyewe. Kuna siku shetani alimpitia: achanganye chokaa, atafute mtoto wa jirani, ambandike mkono kwenye jiwe, nani atajua? Alifika mpaka kuikoroga chokaa kwenye ndoo. Akaitazama, akaona haya hata mbele ya ndoo, akaenda kuimwaga.

Jioni hiyo akaingia ndani, hakuvua viatu.

"Mama Kidosho, jiwe lipo. Kiganja hakipo."

Mama alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja ile aliyoishika mpaka ikaisha.

"Kimevunjika?"

"Kimesafishwa. Nilipokuwa na wewe hospitali, wakasafisha fungu langu, kama tunavyofanyiana. Sikuwa nimewaambia."

"Nani alisafisha?"

"Redio."

"Anajua alichofanya?"

"Hajui. Alilifanya lile kwa mapenzi kuliko mengine yote."

Mama akakaa kitandani. Alilia kwa sauti, kama alivyolia siku walipoletewa habari, na Timazi alipotaka kumshika akamsukuma, halafu akamvuta mwenyewe kwa shati. Ilikuwa kumzika mara ya pili, na safari hii hakukuwa na watu wa kuwapa pole. Baadaye sana, sauti imekauka, akasema:

"Redio asijue. Ana watoto, ataishi nalo."

"Hatajua."

"Na hilo jiwe usiniletee. La nini? Lirudishe ukutani likafanye kazi."

Akalirudisha. Alilipanga kwa mikono yake juu ya zege na nondo, pale pale kwenye kona ya juu, na safari hii alitumia timazi, akaishusha, akaitazama kwa macho mawili.

Barabara ikaisha, na kusema kweli ilipendeza. Miti ya maua ikashika, bonde likaonekana kama zamani, na waliomwakia injinia wakawa wa kwanza kupeleka wageni. Mvua kubwa za kwanza ziliponyesha, gari la mzazi mmoja na wanawe liliteleza kwenye kona ya juu, likagonga ukuta, likarudi barabarani na kusimama. Lilichubuka ubavu tu. Watoto walishuka, mmoja akiulizia kiatu chake. Habari zilipofika nyumbani, Mama Kidosho alisema, "Afadhali. Mungu ashukuriwe." Na alimaanisha. Kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba kwa muda, na Timazi hakumfuata kwa sababu naye alikuwa na lake la kumeza.

Jumapili iliyofuata mama akasema anataka kupanda. Wakapanda wote wawili, bila chupa ya maji wala kitambaa. Pale juu wakamkuta Redio na familia yake wamekuja kutembea, naye alipowaona alikuja mbio.

"Mama, shikamoo. Mzee amekuonyesha? Njoo nikuonyeshe jiwe langu." Akampeleka mpaka pale, akaligonga kwa kiganja. "Hili hapa. Hili ndilo lililopokea lile gari. Nililisugua mwenyewe ukiwa hospitali."

Mama Kidosho akanyoosha mkono, akaupitisha juu ya jiwe. Vidole vyake vilitembea huku na huku, vikatafuta kwa mazoea, vikatulia.

"Umelisafisha kweli kweli," akasema. "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Redio akacheka kwa furaha, akamwinamia, akarudi kwa wanawe. Wazee wakaanza kushuka, taratibu, wakishika ukuta. Walipofika kona inayofuata mama akasimama.

"Baba Kidosho. Kile kidole kilichokuwa na kitambaa, kilikuwa cha kati, sivyo?"

"Cha shahada," akasema. Halafu akasita. "Nadhani cha shahada."

"Mimi naona cha kati. Nilikuwa nakiingiza hivi." Akafungua mkono mbele yake, akakunja kidole kimoja, akakinyoosha, akakunja kingine.

Timazi akautazama ule mkono. Alifumba jicho moja, akalifumbua.

"Labda kilikuwa cha kati," akasema.

Wakabaki wamesimama kando ya barabara, mkono wa mama ukiwa wazi kati yao, na hapakuwa tena na mahali pa kwenda kutazama.